Namna Kaka Hoza Alivyofika Mlalo Akiwa Ameketi

Walisema sitafika. Baba mdogo Mbelwa alisema mbele ya msikiti wa Mlalo, watu wote wakimsikia, kwamba mtu aliyevunjika mgongo huteremshwa Usambara, hapandishwi. Mwenye duka la chumvi alisema nitamwua kaka yangu kwenye kona za Soni nirudi na kiti kitupu. Na mzee mmoja ambaye hata kusoma jina lake hajui akacheka na kusema, "Diploma haibebi mtu."

Ninyi rafiki zangu mnaoniuliza ilikuwaje, nawajibu tangu mwanzo: nilifika. Mimi ni mtoto wa mlima. Nilibeba kabichi kichwani hadi soko la Lushoto ili nipate ada, nikasoma hadi nikapata diploma ya ufundi wa ujenzi huko Uganda, bila mjomba wa kunishika mkono wala bwana mkubwa wa kunisemea. Anayechoka kuisikia diploma yangu na azibe masikio mapema, maana nitaitaja tena.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kaka yangu Hoza, tumbo moja nami, alikuwa mkata mkonge katika shamba moja la tambarare. Kigari cha kubebea mkonge kilipinduka kikamlalia mgongoni. Miguu ikafa, mwenyewe akabaki. Alikaa hospitali Tanga muda mrefu hata nyumbani wakaanza kusema "Hoza alikuwa mtu mzuri," kama ambaye hayupo. Niliporudi kutoka chuoni nilikuta binti yake Zaina ameposwa, na arusi imepangwa Ijumaa baada ya sala. Baba mdogo Mbelwa akaniambia, "Baba yake hawezi. Wewe ndiye mdogo wake, keti wewe umwoze. Diploma unayo, kanzu tutakuazima."

Nilipompelekea Hoza habari hizo hakufoka. Alitazama dirishani kidogo, akasema, "Saidi, mimi ni hai. Baba aliye hai akiozewa binti yake na mwingine, siku hiyo ndiyo wamemzika. Nipeleke. Nataka niketi mimi, niushike mkono wa mkwe wangu mimi. Baada ya hapo hata mkinirudisha Tanga sina neno."

Basi safari yote ilikuwa ya hilo tu: Hoza aketi arusini siku ya Ijumaa.

Tanga hadi Mombo

Kiti chake cha magurudumu kilikuwa cha mbao na chuma, kizito kama kabati, mgongo wake wa henzirani. Breki hakikuwa nayo. Niliitengeneza mimi, kwa chuma cha kitanda kibovu na kipande cha tairi, na wauguzi wakaja kuitazama.

Stesheni ya Tanga wapagazi wawili walitujia mbio kabla hata sijafungua kinywa. Mmoja akashika gurudumu, mwingine akashika ubao wa kuwekea miguu, wakanyanyua. Gurudumu likazunguka mkononi mwa yule wa kwanza, ubao ukachomoka ukabaki mkononi mwa yule wa pili, na kaka yangu akaelekea sakafuni uso mbele. Nilimdaka kwenye ukosi wa shati. Shati likachanika, lakini lilimchelewesha hadi nikaingiza goti.

Wapagazi walinigeukia mimi. "Samahani bwana, mgonjwa wako mzito."

"Mgonjwa ana masikio," Hoza akasema kutoka gotini pangu. "Niwekeni kwanza niketi, halafu mniombe radhi mimi."

Wakamwomba radhi. Yeye akawaeleza, pale pale, treni ikipiga honi: "Kiti hiki kinashikwa kwenye fremu, hapa na hapa. Sehemu zinazozunguka na zinazochomoka mziache. Mkitaka kuninyanyua niambieni kwanza, halafu mngoje niseme. Miguu yangu hainiletei habari siku hizi, kwa hiyo habari nazitaka kutoka kwenu."

Nami kama mtu wa ujenzi nilikubali mara moja, kwa kuwa hata boriti hupandishwa kwa sauti ya mtu mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba hapa sauti ilitoka kwenye boriti. Hoza akasema, "Haya," wakanyanyua, akaingia behewani kama bwana harusi.

Treni ilisimama njiani bila sababu tuliyoambiwa. Jua likawa kali. Wachuuzi wakaja madirishani na mihogo ya kukaanga na samaki, na mama mmoja akaniuliza, "Na huyu wako anakula pilipili?"

"Muulize mwenyewe, mama."

Akamtazama Hoza kwa haya. "Shikamoo. Unakula pilipili?"

"Marahaba, mwanangu. Nakula mpaka mbegu."

Ikafika saa ya haja ndogo, ambayo katika behewa lililojaa si jambo dogo. Nilikuwa na chupa ya hospitali ndani ya kikapu, lakini pazia sikuwa nalo, na diploma yangu haikufundisha mapazia. Nikamnong'oneza Hoza: tungoje au tufanye? Akasema tufanye, kwa kuwa kungoja humletea homa. Mwanamke mmoja mtu mzima wa Korogwe aliyekaa mkabala nasi alielewa bila kuambiwa. Alifungua kanga yake ya juu, akanipa pembe mbili, akashika mbili mwenyewe akiwa ametupa mgongo, na wakati wote akazungumza kwa sauti kubwa na abiria wengine kuhusu bei ya mafuta ya taa. Hakuna aliyegeuka. Nawaambieni, nimesoma na watu wengi wenye vyeti, sijaona adabu iliyozidi ile.

Mombo hadi Lushoto

Mombo tuliingia Jumatano. Lori lililokuwa likipanda lilikuwa la mtu aitwaye Bakari, dereva aliyejulikana kwa kutopenda maneno. Utingo wake, jitu la miraba minne, alimtazama Hoza akasema, "Huyu namrusha juu ya magunia ya chumvi, tutafika."

"Mimi si wa kurushwa," Hoza akasema. "Nitaketi mbele. Kiti kiende juu, kifungwe kamba."

Bakari akatikisa kichwa kwamba sawa. Nilimweleza utingo namna ya kuingiza mkono chini ya mapaja na mwingine nyuma ya mgongo, Hoza mwenyewe akamkumbatia shingoni, akasema, "Haya," akaingia. Utingo akashangaa. "Kumbe mwepesi!" Hakuwa mwepesi. Alikuwa amesaidia.

Mnaoijua barabara ya Mombo kwenda Soni mnajua kwamba upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni hewa. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipanda kwa gia ndogo, injini ikilia, Hoza katikati, mkono wake mmoja umeshika dashibodi na mwingine begani pangu, maana mwili wake wa chini haukumzuia kwenye kona. Kila kona aliniegemea, nami nikauegemea mlango, na mlango ulikuwa umefungwa kwa waya.

Katikati ya mapando ikaja harufu ya raba inayoungua.

Bakari alinusa. Uso ukamkauka. "Breki," akasema, ndilo neno lake la kwanza tangu Mombo. Akasimamisha lori pale pale juu ya genge, akapiga ukelele, utingo akaruka na gogo kuzuia gurudumu la nyuma. Lori likarudi nyuma kidogo, likalikanyaga gogo, likatulia. Abiria wa juu wakaanza kuteremka wakiomba dua kwa sauti. Mama mmoja akarusha kuku wake kwanza.

Bakari na utingo wakaingia chini ya gari. Magurudumu baridi. Breki baridi. Lakini harufu ikazidi.

Mimi nilikuwa nimebaki ndani nimemshika Hoza, kwa kuwa nikimwacha angeangukia usukani. Nikatazama chini. Kubadhi zake za tairi zilikuwa zimekaa juu ya bati linalofunika injini, na moshi mwembamba ulikuwa ukitoka chini ya wayo.

"Kaka! Miguu!"

"Ina nini?"

Hakuwa na habari. Hata chembe. Niliinyanyua miguu ile nikaivua kubadhi, na raba ikavutika kama ulimbo. Ngozi ya kisigino ilikuwa imeanza kuiva wekundu, haijachubuka. Hoza aliitazama miguu yake kama mtu anayetazama watoto wa jirani waliocheza karibu na moto. Ningekaa kona mbili zaidi nikisifia mandhari, ningemfikisha arusini na kidonda ambacho kingemlaza kifudifudi kwa miezi.

Bakari akachungulia dirishani, mafuta usoni. Akaiona kubadhi. Akaketi barabarani akacheka mpaka akakohoa, halafu akaenda mwenyewe kulowesha gunia kwenye maji ya mtaro, akalikunja mara nne, akalitandika juu ya bati. Tokea hapo kila baada ya kona chache aliuliza, "Mzee, miguu?" nami niliinama nikaigusa kwa kiganja, nikajibu, "Baridi." Tukafika Lushoto kwa wimbo huo.

Lushoto

Alhamisi nzima hakuna gari lililokwenda Mlalo. Mvua. Tulifikia kwa mfanyabiashara mmoja mtu wa Tanga, mkarimu kupita kiasi, ambaye ukarimu wake ulitaka kutumaliza. Nyumba yake ilikuwa na ngazi mlangoni, za kushukia ndani. Akachukua mlango wa stoo, akautandika juu ya ngazi, akataka kumsukuma Hoza ateremke uso mbele. Nikamzuia. Kiti kwenye mteremko huteremshwa kinyumenyume, msukumaji akiwa chini, kiti kikimwegemea. Hilo ni hesabu ya uzito tu, na hesabu ninayo. Akanipa heshima yangu.

Chakula kilikuwa wali na mchuzi wa mbuzi na viazi. Mke wake alimletea Hoza uji.

"Mgonjwa atapendelea uji," aliniambia mimi.

Hoza akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akausogeza mbele yangu. "Huyu mdogo wangu amechoka na masomo, uji utamfaa. Mimi nipe mbuzi, dada yangu."

Tulicheka wote, lakini baadaye, wakati mvua ikipiga bati, hakucheka. Alikuwa akijiinua kwa mikono kwenye kiti, kama alivyofundishwa, ili damu ipite makalioni. Anainuka, anashuka, anainuka. "Kama gari halitakwenda kesho?" akaniuliza.

"Nitakusukuma."

"Matope?"

"Nitakubeba."

"Peke yako?" Akajiinua tena. "Saidi, wakianza bila mimi, usiniingize. Nigeuze njiani."

Nilitoka nje kutazama mawingu, nami si mtu wa kutazama mawingu.

Kupita Lukozi

Alfajiri ya Ijumaa lori moja la viazi likatuchukua. Tulipita msitu wa Magamba kwenye ukungu, tukapita Lukozi, na mbele kidogo barabara ikakoma. Mlima ulikuwa umeporomoka ukailalia. Dereva akageuza. Akatuacha sisi, kiti, na vijana wanne waliokuwa wakienda Mlalo sokoni, ambao niliwaomba mabega na wakakubali.

Sasa sikilizeni ufundi. Nilikata miti miwili mirefu ya mkaratusi, nikaifunga ubavuni mwa kiti kwa kamba, chini ya mikono ya kiti, kwa fundo ambalo likibebeshwa uzito ndipo linakaza. Nikamfunga Hoza kiunoni kwa mkanda wangu wa suruali, baada ya kumwuliza. Mvua ilipoanza tena nilipinda fito nikafanya kijipaa juu yake, nikatandika shuka jeupe tulilopewa Lushoto, nikaliteremsha pande zote asilowe. Watu wanne wakatia mabega chini ya miti, Hoza akasema, "Haya," tukapita juu ya maporomoko. Kazi safi. Mwalimu wangu wa Uganda angepiga makofi.

Lakini mwalimu wangu wa Uganda hakuwa Mshambaa, nami kwa muda ule nilisahau kwamba mimi ni Mshambaa. Fikirini wenyewe: miti miwili mabegani, shuka jeupe juu, watu wamenyamaza kwa kuhema, wanakwenda upesi kwenye mvua siku ya Ijumaa. Huko kwetu hicho ni kitu kimoja tu.

Miaka ile ilikuwa ya matuta. Kila mlima ulikuwa na watu wanalima matuta kwa amri ya serikali. Waliotuona kutoka juu waliweka majembe chini. Wakateremka kimya, kofia mkononi. Na jeneza kwetu haliulizwi linatoka wapi. Ukilikuta njiani unatia bega, unakwenda hatua chache, anakuja mwingine mbele yako, wewe unarudi nyuma, mpaka unatoka. Ni thawabu. Hata asiye Mwislamu hawezi kulipita.

Mtu wa kwanza alimgusa bega kijana wangu wa mbele, kijana akampisha, akidhani ni msaada. Wa pili akaja. Wa tatu. Kalima ya shahada ikaanza kusomwa. Mmoja akamwuliza kijana wangu, "Ni nani?" Naye, mjinga wa Mungu, akajibu, "Ni Hoza wa Mlalo." Yule akainamisha kichwa, akatoka mbio kwa njia ya mkato kupeleka habari, ili kaburi lichimbwe.

Nilipotambua kinachotokea, vijana wangu wote wanne walikuwa nyuma, nami nimesukumwa nyuma yao, na miti imeshikwa na watu wasiojua kwamba aliye chini ya shuka anapumua. Nao walikwenda mbio, maana maiti haicheleweshwi. Miti ikapanda na kushuka. Mtu mrefu akamrithi mfupi bila kuambiana. Shuka likaanza kulalia upande mmoja, upande wa korongo.

"Yu hai!" nikapiga kelele. "Simameni! Yu hai!"

Mikono ikanizunguka. "Mshikeni ndugu wa marehemu."

"Kaka yangu ni mzima, nawaambieni!"

"Vumilia, mwanangu. Sote ni njia hiyo."

"Mimi nina diploma!" nikasema, na sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Ndiyo, baba. Ndiyo. Lia tu." Mzee mmoja akanibana kifuani pake kwa nguvu hata nikaona giza. Kupitia kwapani pake, upepo ulipoinua shuka, niliuona mkanda wangu, ulioshika kiuno cha kaka yangu, unateleza. Hoza alikuwa ameanza kutoka kitini. Alikuwa akiita, nadhani, lakini kalima ilikuwa juu ya sauti yake, na mvua juu ya vyote.

Ndipo mkono ukatoka chini ya shuka. Ukapapasa hewani, ukakuta sikio la mbebaji wa nyuma, upande wa korongo, ukalishika.

"Ndugu yangu," sauti ikasema, "bega lako liko chini. Liinue, la sivyo tunakwenda wote."

Watatu waliachia. Nawasamehe, nani asingeachia? Walikimbia wakipiga mayowe, na kalima ile nzima ikakatika. Uzito wote ukamwangukia mwenye sikio. Huyo hakuachia. Aliitwa Kaniki, mkulima wa viazi, muumini wa misheni, hata kalima hakuijua. Alikuja kwa kuwa ni jeneza. Goti lake likapiga mawe, mti ukamkalia shingoni, akabaki hivyo, mishipa imemtoka, kiti kimening'inia nusu juu ya ukingo.

Nilimng'ata yule mzee aliyenishika. Nikafika. Nikashika fremu.

"Ndugu, jina langu Hoza," kaka yangu akasema, bado ameshika sikio. "Usinyanyue bado. Saidi, vuta kiti kwako, si juu, kwako. Bado. Nimeshika mti. Haya sasa."

Tukamvuta. Tukamweka barabarani. Hoza akaliachia sikio la Kaniki, akalifuta kwa kidole. Watu walikuwa wamesimama mbali kwenye matuta, wengine wanasoma dua. Mzee niliyemng'ata ndiye aliyesogea wa kwanza. Akachungulia. "Onga mshi," akaamkia kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji kwa dole gumba.

Hoza akamwitikia vizuri, akauliza habari za nyumbani kwake, za watoto, za mahindi. Mzee akageuka akawaita wenzake: "Njooni! Anauliza mpaka mahindi!"

Shuka tukalivua, tukalikunja, hatukulitumia tena hata alipolowa. Walirudi wote, na sasa walibeba kama watu. Kila anayetaka kupokea bega alikuja mbele ya Hoza, akamwamkia, akataja jina lake, akangoja. Mzee wangu mwenye meno yangu mkononi alikuwa mkali kuliko wote. "Wewe! Hujamwamkia! Unadhani ni maiti huyo?"

Mlalo

Tuliusikia Mlalo kabla ya kuuona. Wanawake walikuwa wakilia.

Yule wa mbio alikuwa amefika zamani. Sala ya Ijumaa ilikwisha, na badala ya kuoza watu walikuwa wamekaa matanga. Sufuria za pilau zilikuwa zimeondolewa motoni. Watu wa bwana harusi walikuwa wamebadili kofia za furaha kwa nyuso za huzuni, na baadhi walikuwa tayari wanaaga, maana arusi ya msibani huahirishwa, na huahirishwa kwa muda mrefu. Baba mdogo Mbelwa alikuwa katikati, akiwapa watu kazi.

Hoza akasema tumshushe pale njia inapoanza kuwa ya changarawe. Tukafungua miti. Nikashika kiti nimsukume, akasema, "Hapana. Kaa nyuma kidogo. Nikikwama nitakuita." Akashika magurudumu mwenyewe.

Mlio wa magurudumu juu ya changarawe uliposikika, kilio kilizimika kutoka nyuma kwenda mbele. Mkewe Mwanaidi alitoka mlangoni akasimama, mkono mdomoni. Alitembea hadi kitini, akamgusa mumewe usoni, shingoni, begani, kama anayenunua kitambaa, halafu akaketi chini matopeni akaegemea gurudumu.

"Baba mdogo, shikamoo," Hoza akasema.

Mbelwa akamwitikia. "Marahaba. Hoza, tumeshaweka matanga."

"Ya nani?"

"Yako."

"Basi mimi ndiye mfiwa mkubwa. Naruhusu yavunjwe."

Watu wakaanza kuguna, wengine wakacheka kwa hofu. Mbelwa akakaza. "Si mzaha. Watu wamelia, kaburi limepigwa jembe. Arusi haingii juu ya kilio. Na hata ikiingia, walii anayeoza huketi mkekani, goti kwa goti na bwana harusi. Wewe utaketi vipi? Saidi yupo, ana miguu."

Macho yote yakanigeukia. Hapo ndipo ningeweza kuharibu kila kitu kwa neno moja la heshima kwa mzee wangu. Nikasema, "Mimi siozi mtu aliye na baba."

Shehe wa msikiti akauliza tu, "Kuna aliyefiwa hapa asimame?" Hakusimama mtu. "Basi tandikeni mkeka."

Mkeka ukatandikwa. Bwana harusi akaketi, uso wa majivu. Ikabaki Hoza kutoka kitini kwenda chini. Mbelwa, kwa hasira au kwa huruma, sijui, alimwendea akamshika makwapani kwa nyuma.

"Baba mdogo," Hoza akasema polepole. "Niulize."

Mikono ya Mbelwa ilibaki makwapani. Nilimwona anatafuta njia ya kukasirika. Hakuiona. Akaiondoa mikono, akazunguka, akaja mbele ya kiti, na kwa kuwa Hoza alikuwa chini kuliko yeye, akachuchumaa.

"Nikushike wapi, mwanangu?"

"Mkono huu chini ya mapaja. Huu mgongoni, chini kidogo. Saidi atashika miguu isikunjike. Nikisema haya, ndipo."

Tukamshusha. Mbelwa akavua koti lake akaliweka nyuma ya mgongo wa Hoza, kisha akaketi nyuma ya koti, mgongo wake mwenyewe ukiwa nguzo, mpaka mwisho. Hoza akaushika mkono wa bwana harusi, goti lake lisilosikia likigusa goti la mkwe wake, akatamka, sauti imetulia, kwamba anamwoza binti yake Zaina. Ndani ya nyumba vigelegele vikapasua.

Kurudisha mabega

Walionibebea kaka yangu waliacha majembe yao wiki ya kupanda, na jumbe wa serikali hasikilizi visingizio kuhusu matuta. Deni la bega kwetu hulipwa kwa jembe. Nikalipa. Nilikwenda shamba kwa shamba, mwenye diploma, nikalima matuta ya kila mmoja, na yangu yalinyooka kuliko yao, waulizeni. Mzee niliyemng'ata nilimlimia mara mbili. Hoza alikuja palipofikika, akanoa majembe na kuwatania.

Wa mwisho alikuwa Kaniki. Hakutaka nilime. Goti lake lilikuwa bado limevimba. Alitutazama kwa muda, akasema ana mama yake, ameketi ndani tangu mvua za mwaka juzi, miguu imekataa, na kila wanapomtoa juani analia wamemwumiza, kwa hiyo wameacha kumtoa.

"Mnamtoaje?" Hoza akauliza.

"Tunamtoa tu."

Tukaenda. Hoza nilimteremsha kinyumenyume hadi mlangoni pa nyumba ya msonge, kiti hakikuweza kupita zaidi. Akaamkia kutoka nje. Bibi kizee akaitikia gizani, sauti kali.

"Bibi, unaumia wapi ukibebwa?"

Bibi akaanza kueleza. Nyonga ya kushoto. Kidole cha shahada. Na kwamba Kaniki ana pupa tangu alipozaliwa. Alieleza mpaka mkwe wake akaleta kigoda akaketi. Kaniki alisimama kama mwanafunzi. Kisha tukaingia, yeye na mimi, tukatia mikono pale alipotuambia, tukangoja.

"Bado," bibi akasema. Akavuta kanga akafunika kichwa. Akairekebisha. Akaomba mkufu wake, ukatafutwa, akavaa. Kiuno kilikuwa kinaniuma kwa kuinama, na nje jua lilikuwa zuri sana, na hakuna aliyeharakisha.

Siku hiyo ndiyo niliyomaliza kuwalipa wote.